MRI imesoma safi, mgonjwa bado anaanguka: tujadili picha za ubongo kwa wenye kifafa

Mtaalamu Mionzi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Swali linalojirudia sana humu ni hili: mtu ana kifafa, amechangiwa na ukoo mzima akalipia MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku), ripoti imerudi inasema ubongo hauna kasoro, na bado kifafa kinamshika. Hapo ndugu wanagawanyika, wengine wanasema hospitali imekosea, wengine wanaanza safari ya kwa mganga. Tufungue uzi mmoja, wenye fani mbalimbali waweke wanachokijua. Visa vya mtu mmoja mmoja tuviache, tubaki kwenye kazi yenyewe.

Msingi kwanza. Picha ya ubongo haithibitishi kifafa wala haikikanushi. Kifafa hutambuliwa kwa maelezo ya tukio, hasa kutoka kwa aliyeshuhudia. Kwa tafsiri ya ILAE, shirika la kimataifa la kupambana na kifafa, ya mwaka 2014, mtu ana kifafa akishikwa mara mbili zilizopishana zaidi ya saa 24 bila kichochezi cha papo hapo kama homa, malaria, sukari kushuka au kuacha pombe ghafla. Au akishikwa mara moja tu, lakini kuna sababu ya kuamini kwamba uwezekano wa kurudia ndani ya miaka 10 ni asilimia 60 au zaidi. Hapo picha ina uzito: likionekana kovu au uvimbe, hiyo mara moja inaweza kutosha. Kazi yake nyingine ni kujibu kwa nini na wapi.

Kosa la kwanza hutokea kabla mgonjwa hajafika kwenye mashine, kwenye fomu ya kuombea kipimo. Fomu nyingi zinaandikwa neno moja, "kifafa", basi. Daktari wa mionzi anabaki na picha mia kadhaa na hajui aanzie wapi. Fomu inayosaidia inaandikwa hivi: "Umri miaka 24. Alianza akiwa na miaka 12. Anahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, kisha anakodoa macho, anatafunatafuna, mkono wa kulia unapapasa nguo, wa kushoto unakakamaa na kupinda. Aliwahi kupata degedege la muda mrefu akiwa na mwaka mmoja. EEG: hitilafu tempora ya kulia. Dawa mbili zimeshindwa." EEG ni kipimo cha umeme wa ubongo, na tempora ni sehemu ya ubongo ya pembeni karibu na sikio. Kwa maelezo hayo msomaji ataenda moja kwa moja kwenye tempora ya kulia, kwa sababu mkono unaokakamaa na kupinda huwa upande wa pili wa chanzo, na mkono unaopapasa mara nyingi huwa upande ule ule wa chanzo. Hiyo mistari minne haina gharama yoyote, na mara nyingi ina faida kuliko kuhamia mashine ya bei kubwa.

Tabibu wa Fahamu

Asante mleta uzi. Niongeze lini CT (picha ya vipande inayopigwa kwa eksirei), lini MRI, maana watu wanazichukulia kama ngazi: ya bei nafuu kwanza, ya bei ghali baadaye. Kila moja ina swali lake.

CT ni ya dharura. Mtu kashikwa kwa mara ya kwanza na ana mojawapo ya haya: ameumia kichwa, kichwa kimemuuma ghafla kwa nguvu, ana homa na shingo ngumu, anaishi na VVU, anatumia dawa za kuyeyusha damu, upande mmoja wa mwili umelegea, au fahamu hazirudi baada ya nusu saa au saa moja. Huyo asisubiri foleni ya MRI. CT inachukua dakika chache na inaona damu mbichi, uvimbe mkubwa, jipu, maji kujaa kwenye ubongo, mfupa uliovunjika na chokaa (kalsiamu iliyoganda kwenye ubongo).

CT haioni vizuri vitu viwili ambavyo ndivyo vyanzo vikuu vya kifafa sugu kinachoanzia sehemu moja ya ubongo: hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu iliyo ndani ya tempora) iliyosinyaa, na hitilafu ndogo za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, alizozaliwa nazo mtu. Kwa hiyo CT safi kwa mtu mwenye kifafa cha miaka mitano haijajibu swali. Imeondoa hatari za haraka tu.

Kwa mwenye VVU CD4 ikiwa chini, hasa chini ya 100, dawa ya kung'arisha picha inahitajika hata kwenye CT. Toksoplasma, vimelea vinavyoshambulia ubongo, huonekana kama pete kadhaa zinazong'aa zenye uvimbe pembeni, mara nyingi kwenye viini vya ndani vya ubongo. Kifua kikuu cha ubongo nacho hutoa pete, na limfoma (aina ya saratani) pia. Usipoweka dawa ya kung'arisha unaweza kuona uvimbe wa maji tu usijue unazunguka nini.

Mdau wa Chalinze

Wataalamu, naomba kuuliza. Mtoto akipata degedege la homa, picha inahitajika? Kuna vituo vinampeleka kila mtoto CT.

Nesi wa Watoto

@Mdau wa Chalinze, degedege la kawaida la homa halihitaji picha. La kawaida maana yake: mtoto ana umri wa miezi 6 hadi miaka 5, mwili wote unatukutika, halifiki dakika 15, halirudii ndani ya saa 24, na baada ya hapo mtoto anarudi katika hali yake. Kinachohitajika ni kutafuta chanzo cha homa, na kwetu ni lazima kupima malaria na sukari. CT ya kichwa humpa mtoto mionzi bila sababu.

Picha inafikiriwa likianzia upande mmoja, likiwa refu, au mguu au mkono ukabaki umelegea. Lililovuka dakika 30 lifuatiliwe kwa makini zaidi, kwa sababu linaweza kujeruhi hipokampasi: siku za mwanzo inavimba na kung'aa kwenye T2 (aina ya picha ya MRI ambayo maji huonekana meupe), na kwa baadhi ya watoto miezi ikipita inasinyaa. Kifafa chenyewe kinaweza kuja miaka mingi baadaye.

Pia kuna kifafa cha watoto ambacho dalili na EEG vikiafikiana hakihitaji MRI: kile cha kuzubaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, na kile cha uso na mdomo kucheza usingizini ambacho kwa kawaida huisha chenyewe kabla ya utu uzima. Lakini chini ya miaka miwili, mtoto anayeshikwa bila homa apigwe MRI. Hapo kuna mtego wa umri. Mafuta yanayofunika nyuzi za ubongo hayajakamilika hadi karibu miaka miwili, na kati ya miezi 6 na 18 hivi rangi ya gamba na rangi ya ndani zinakaribiana sana, hitilafu inajificha. Picha ikiwa safi katika umri huo na kifafa kikaendelea, irudiwe akishavuka miezi 24 hadi 30. Anayesema "MRI tulishafanya akiwa na mwaka mmoja, ilikuwa safi" bado hajapigwa MRI ya kutegemewa.

Mtaalamu Mionzi

Umemaliza kabisa hapo. Sasa niende kwenye mashine, maana hapa ndipo hela za watu zinapopotelea.

MRI ya kichwa ya kawaida, ile ya kila siku ya maumivu ya kichwa na kiharusi, hukatwa vipande vya mm 5, na kati ya kipande na kipande huachwa nafasi ya mm 1 hivi. Hitilafu ya gamba inaweza kuwa na upana wa mm 5 hadi 10 tu, imejificha chini ya bonde moja la ubongo. Kipande kinene huchanganya rangi ya hitilafu na ya jirani zake, ukingo ukafifia, msomaji asione kitu. Utafiti wa Bonn, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2002 ulipima jambo hili wazi: wasomaji wasio wabobezi kwenye MRI ya kawaida waliona asilimia 39 ya hitilafu, wabobezi kwenye picha zile zile wakaona asilimia 50, na picha zilipopigwa kwa mpango maalumu wa kifafa waliona asilimia 91. Angalieni vizuri namba hizo. Kumbadilisha msomaji kulisaidia kidogo. Kubadilisha namna ya kupiga kulisaidia sana.

Mwaka 2019 kamati ya ILAE ilitoa mpango unaoitwa HARNESS. Una picha tatu za lazima na unamalizika ndani ya nusu saa hivi. Ya kwanza ni T1 (picha inayoonesha umbo la ubongo) ya 3D, chembe za mm 1 kila upande, bila kuruka nafasi, kichwa kizima. Ya pili ni FLAIR (kama T2, ila maji ya ubongo yamezimwa ili hitilafu ing'ae) ya 3D, vipimo hivyo hivyo. Ya tatu ni T2 ya kukata kwa mbele, chembe za mm 0.4 kwa 0.4, unene wa mm 2, bila nafasi, kwa ajili ya hipokampasi. Mimi huongeza SWI kwa kutafuta chokaa na damu ya zamani, na DWI (picha ya mwendo wa maji ndani ya ubongo) ikiwa mgonjwa ameshikwa siku za karibuni. Dawa ya kung'arisha haihitajiki kwa kila mtu. Iwekwe ikishukiwa uvimbe, maambukizi, au mtoto mwenye alama ya zambarau usoni, ambaye mishipa ya juu ya ubongo wake inaweza kuwa na kasoro isiyoonekana bila dawa hiyo.

Ile T2 ndiyo inayoharibiwa zaidi. Haikatwi wima kufuata kichwa kilivyolala. Chukua picha ya pembeni inayopita katikati ya tempora, tafuta hipokampasi ilivyolala kwa urefu wake, kisha weka vipande vikiwa mraba na urefu huo. Baada ya hapo nenda kwenye picha ya kutazama kutoka juu, sawazisha kulia na kushoto. Kichwa kikiinama kidogo upande mmoja, hipokampasi moja itakatwa mwilini na nyingine mkiani, na ile ya mkiani itaonekana ndogo. Ripoti ikiandikwa "imesinyaa kushoto" hapo, imeandikwa kwa sababu ya mto uliowekwa vibaya. Kipimo changu cha haraka: matundu ya sikio la ndani pande zote mbili yaonekane kwenye kipande kimoja. Yasipoonekana pamoja, panga upya kabla hujaendelea.

Mambo mengine yanayoharibu: kichwa kucheza (jaza sponji pande zote, mwambie mgonjwa urefu wa kila picha kabla haijaanza ili ameze mate wakati wa mapumziko), koili (kofia ya kupokea mawimbi ya picha) ya zamani yenye chaneli chache inayong'arisha upande mmoja kuliko mwingine, na bima au ratiba inayobana muda hadi mtu anafuta FLAIR ya 3D na kuweka ya vipande vinene. Mashine isipokuwa na 3D FLAIR, piga ya 2D mara mbili, kwa mbele na kwa juu, mm 3 bila nafasi.

Kijana wa Nakuru

Mkuu hapo juu, kwani si mashine ya sumaku yenye nguvu ya Tesla 3 ndiyo dawa? Watu wanaambiwa wasipoteze pesa na ya 1.5.

Mtaalamu Mionzi

@Kijana wa Nakuru, Tesla 3 ni bora, hilo halina ubishi, picha ina ukali zaidi kwa muda ule ule. Ila 1.5 iliyopigwa kwa mpango wa kifafa inaishinda 3 iliyopigwa kwa mpango wa kichwa cha kawaida. Uliza mpango kwanza, Tesla baadaye. Mstari wa kumwambia mpokezi ni mfupi: "Naomba MRI ya mpango wa kifafa, 3D T1, 3D FLAIR na T2 ya hipokampasi." Asipoelewa, omba kuzungumza na radiografa wa zamu.

Chini ya hapo kuna mashine za sumaku ndogo sana. Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, kiliundiwa mojawapo pale pale chuoni mwaka 2022, nguvu yake karibu Tesla 0.05, haihitaji chumba maalumu chenye kinga ya shaba wala gesi ya kupoozea. Kwa maji kujaa kichwani kwa watoto ni mkombozi. Kwa hipokampasi na hitilafu ndogo za gamba bado haitoshi, na asiuziwe mtu kwa kazi hiyo.

Msomaji Picha

Naunga mkono yote. Nieleze upande wa kusoma, maana hata picha nzuri husomwa vibaya.

Kovu la hipokampasi lina dalili tatu: imekuwa ndogo, inang'aa kwenye T2 na FLAIR, na mistari yake ya ndani imefutika. Ukiwa na moja tu, tulia. Hipokampasi ya mtu mzima kiafya hung'aa zaidi kidogo kuliko gamba kwenye FLAIR, hiyo si kasoro. Nyingine imesimama wima kama yai badala ya kulala, hiyo ni namna ya kuumbwa na haitoshi kuitwa chanzo. Vifuko vidogo vya maji kando ya hipokampasi na mashimo ya kupitia mishipa ya damu vinatisha wasiovizoea, lakini ni vya kawaida. Halafu zipo pande mbili zilizosinyaa kwa pamoja: jicho linalolinganisha kulia na kushoto halitaona tofauti, hapo unahitaji kupima ujazo.

Hitilafu ya gamba itafutwe kwa mwendo wa konokono. Geuza T1 ya 3D pande zote tatu, fuata kila bonde hadi chini yake. Unatafuta gamba lililonenepa, mpaka uliofifia kati ya kijivu na nyeupe, bonde lenye kina kisicho cha kawaida, na kwenye FLAIR mkia mweupe unaotoka kwenye gamba kuelekea tundu la maji la ndani. Mkia huo ukiuona umepata jibu. Kisha tazama ncha ya mbele ya tempora na sakafu yake. Kipande cha ubongo kinachochungulia kupitia tundu kwenye mfupa hupitwa sana, na kwa mtu mnene mwenye presha ya maji ya ubongo kiko juu zaidi kwenye orodha.

Ukipata kitu kimoja usifunge faili. Hipokampasi iliyosinyaa na hitilafu ya gamba jirani yake vinaweza kuwa pamoja, na akitolewa kimoja tu anaendelea kuanguka.

Kwenye SWI, doa jeusi linaweza kuwa chokaa au damu ya zamani. Fungua picha ya fezi, inayotoka pamoja na SWI, ulinganishe na mshipa wa vena ulio karibu: doa lenye rangi sawa na vena ni damu, lenye rangi ya kinyume ni chokaa. Kaa na mpira wa mishipa wenye pete nyeusi ya chuma cha damu akilini. Huo nao ni chanzo kinachotibika kwa upasuaji.

Bwana Mifugo

Natoka upande wa afya ya jamii. Uzi huu ukipita bila tegu wa nguruwe tutakuwa tumeacha nusu ya nyumba. Mbulu na maeneo ya Haydom kaskazini mwa Tanzania, Busia na Homa Bay kule Kenya, na sehemu nyingi za Uganda, vifuko vya tegu kwenye ubongo ni chanzo kikubwa cha kifafa kinachoanza ukubwani.

Kwanza tuondoe kosa moja. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva anapata tegu mkubwa tumboni. Vifuko vya ubongoni vinatokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Kwa hiyo Muislamu wa Pwani ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuwa na vifuko kichwani, ikiwa aliyemwandalia kachumbari hakunawa mikono. Daktari asifute ugonjwa huu kwenye orodha kwa kusikia jina la mgonjwa.

Msomaji Picha

Asante sana kwa hilo. Kwenye picha ugonjwa huu una hatua nne. Kifuko kilicho hai: maji safi, ukuta mwembamba, na ndani nukta ya mm 2 hadi 4, hicho ni kichwa cha mnyoo. Ukiona nukta, utambuzi umekamilika. Hatua ya pili mnyoo unakufa, maji yanakuwa mazito, pete inang'aa, ubongo unavimba pembeni; huu ndio wakati kifafa hushika sana. Tatu, kinakuwa kinundu kidogo. Nne, chokaa.

MRI inaiona nukta na vifuko vilivyo ndani ya matundu ya maji, ambavyo CT huvipita. CT inaona chokaa kuliko MRI ya kawaida. Hapa ndipo ile dhana ya ngazi inavunjika: mtu wa Mbulu aliyepigwa MRI bila SWI anaweza kuambiwa safi, na CT ya bei nafuu ikaonesha vidoa vitano vyeupe.

Pete moja peke yake itatuchanganya na kifua kikuu. Cha kifua kikuu mara nyingi kinavuka mm 20, ukingo wake hauko sawa, na uvimbe wake unasukuma ubongo pembeni. Cha tegu mara nyingi kiko chini ya mm 20 na ni cha duara.

Tabibu wa Fahamu

Na hapa naomba msomaji anayepita haraka asimame. Msinunue albendazole dukani kwa sababu mmesoma uzi. Kwa vifuko hai kiwango ni mg 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, dozi mbili, siku 10 hadi 14. Vifuko hai vikizidi viwili huongezwa praziquantel mg 50 kwa kilo kwa siku. Lakini dawa za steroidi hutangulia, kwa sababu minyoo ikifa kwa pamoja ubongo huvimba. Macho yapimwe kabla, kwani kifuko kikifia ndani ya jicho mtu anaweza kupofuka. Ubongo ukiwa tayari umevimba sana au maji yamejaa, dawa ya minyoo haitolewi kabisa hadi presha hiyo ishughulikiwe. Na chokaa tupu haihitaji dawa ya minyoo, kilichokufa kimekufa. Anahitaji dawa za kifafa tu.

Ndiyo maana mtu anayeshikwa ghafla siku chache baada ya kumeza praziquantel ya kichocho aulizwe anatoka wapi na apigwe picha. Dawa inaweza kuwa imegusa vifuko ambavyo hakuna aliyejua vipo.

Mdau wa Chalinze

Na kule Mahenge je? Kunasemwa sana kuhusu kifafa cha kule.

Bwana Mifugo

Mahenge, wilaya ya Ulanga, kifafa kimeandikwa kitabibu tangu enzi za Dkt. Louise Jilek-Aall aliyeanzisha kliniki pale. Kinahusishwa na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wa kandokando ya mito yenye kasi, pamoja na watoto kutikisa kichwa. Tofauti na tegu, hapa picha haina alama moja ya kuushika ugonjwa mkononi. Ukiona makovu au ubongo kupungua, hujathibitisha usubi. Kule shilingi ya kwanza iende kwenye ivermectin na dawa za kifafa, MRI iwe kwa mwenye dalili za upande mmoja.

Umeme wa Ubongo

Nipo fani ya EEG, naongeza kwa ufupi. Kitu kwenye picha si lazima kiwe chanzo. Kifuko cha araknoidi (mfuko wa maji kwenye utando wa ubongo) mbele ya tempora ya kushoto, wakati EEG na dalili vyote vinaelekeza kulia nyuma, ni mpita njia tu. Vitu vitatu vikutane: dalili, EEG, picha. Viwili vikipingana, msimwonyeshe mgonjwa picha mkamwambia "hii hapa".

Pia mwenye kushikwa mfululizo akipigwa MRI ndani ya siku chache, gamba, hipokampasi au talamasi (kiini cha ndani cha ubongo) vinaweza kung'aa kwenye DWI na FLAIR kwa sababu ya kushikwa kwenyewe. Ikasomwa kiharusi au uvimbe, mtu ataanzishiwa tiba isiyo yake. Dokezo ni kwamba eneo halifuati mpaka wa mshipa mmoja wa damu. Rudieni picha baada ya wiki kadhaa. Ya kushikwa hufutika au huacha kusinyaa kidogo, uvimbe hubaki au hukua.

Mama Rehema Afya

Naomba maandalizi ya siku yenyewe jamani. Wengi wanarudishwa mlangoni.

Nesi wa Watoto

Mama Rehema, shikamoo. La kwanza: dawa za kifafa zimezwe asubuhi kama kawaida kwa maji kidogo, hata kama amefungishwa chakula. Kuziacha ili "picha itoke vizuri" ni kumwita kifafa ndani ya bomba.

Mtoto wa kulazwa kwa dawa ya usingizi: chakula kisimame saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji meupe saa 2. Awepo mtu wa usingizi na kipimo cha oksijeni kinachoruhusiwa kwenye sumaku. Kichanga wa miezi michache anaweza kunyonyeshwa, kufungwa vizuri kwenye kanga na kulala mwenyewe.

Sumaku haizimwi usiku wala mchana. Vua hirizi yenye kopo la bati, bangili, kipini cha pua, vibanio, sidiria yenye waya. Nywele za kusuka fumua kama zina uzi wa chuma au vibanio vya ndani, na wigi la klipu libaki nje; hata lisiporuka, linafuta picha ya upande ule. Sema ukweli kuhusu betri ya moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, risasi au kipande cha chuma jichoni kwa waliowahi kuchomelea. Kitanzi cha shaba cha uzazi hakizuii. Mjamzito anaweza kupigwa MRI ikihitajika, bila dawa ya kung'arisha.

Kijana wa Nakuru

Na ikiwa mpango wa kifafa umefuatwa, imesomwa na mbobezi, na bado ni safi?

Tabibu wa Fahamu

Hapo tunarudi nyuma hatua moja: je, ni kifafa kweli? Kuna matukio yanayofanana nacho yanayotokana na msongo wa nafsi au moyo kusimama kwa sekunde. Video ya simu iliyopigwa na ndugu, ikionesha macho yamefumba au yamefumbua, ina thamani kubwa. Kisha ni aina gani: kifafa cha kurithi kinachoanzia pande zote mbili huwa na MRI safi na ndivyo kinavyotakiwa kuwa, tiba ni dawa sahihi.

Kikibaki ni cha sehemu moja na dawa mbili zilizochaguliwa vizuri kwa dozi kamili zimeshindwa, huyo anaitwa sugu, na MRI isomwe tena, msomaji akiwa na EEG mpya mkononi. Usomaji wa pili wenye maelezo mapya huibua vitu vilivyokuwepo siku zote. PET ya glukosi, ambayo Nairobi ipo, huonesha eneo linalotumia sukari kidogo kati ya tukio na tukio. SPECT (picha ya mtiririko wa damu) ya wakati wa tukio inataka sindano ndani ya sekunde 20 hadi 30 tangu kushikwa, kwa hiyo ni ya wodi maalumu.

Sababu ya kuhangaika hivi: kikipatikana chanzo kwenye tempora, upasuaji una matokeo ambayo dawa ya tatu haina. Jaribio la Kanada la mwaka 2001, wagonjwa 80, baada ya mwaka mmoja asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na matukio ya kupoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 waliobaki na dawa.

Msomaji Picha

Kuna pia programu ya bure inayoitwa MELD, iliyotengenezwa kwa data za vituo vingi, inayopitia T1 na FLAIR za 3D na kuweka alama penye shaka ya hitilafu ya gamba. Inatoa alama za uongo pia, kwa hiyo ni kidole cha kuelekeza jicho la daktari. Lakini angalieni sharti lake: bila 3D haifanyi kazi. Filamu nyeusi mnayopewa na bahasha haiwezi kuingizwa humo wala kusomwa upya sawasawa, kwa sababu vipande vyake vimeshachaguliwa na kupunguzwa. Kabla hamjaondoka hospitali ombeni faili kamili za DICOM (picha zenyewe za kidijiti) kwenye diski au fleshi, fungueni pale pale kwenye kompyuta ya mapokezi muone kuna folda ngapi, na T1 ya 3D iwe na picha 150 au zaidi. Zikiwa 20, hiyo si yenyewe, rudini dirishani.